Msimamizi wa Nyumba Yetu

Siku ukuta ulipoanguka walikuwapo hawa: Bi Mize, mama mdogo wa mama yetu, ambaye sisi tulimwita Bibi, ndugu zangu watatu, Faki, Riziki na Kombo, Feruzi, msasi wa tumbili, mkewe Mwanaidi, aliyekuwa na mimba kubwa na aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, Zuhura, binti wa Msimamizi, aliyekuja kutusaidia kuteka maji, mimi, na Msimamizi mwenyewe. Mbwa naye alikuwapo, amefungwa kwenye mnazi ng'ambo ya njia. Nawataja wote kwa sababu baadaye nusu ya watu wa Mtambile walisimulia habari ile kana kwamba walikuwapo, na wengine wakazidisha wakasema ukuta ulimwangukia mtu. Haukumwangukia mtu. Ulianguka kwa ndani, taratibu, mbele ya macho yetu, na ndoo tumezishika mikononi.

Msimamizi ndilo jina tulilomwita, na ndilo nitakalotumia. Baba alipokuwa hajiwezi alimwita kitandani, akamwambia mbele ya mashahidi kwamba akifa yeye, nyumba ya barabarani na minazi iliyo nyuma yake iwe mikononi mwake mpaka watoto wakue. Mama alimfuata baba kabla ya msimu wa karafuu. Mimi nilikuwa mkubwa wa wote, nikaacha skuli, tukahamia kwa Bibi, watu watano ndani ya vyumba viwili. Nyumba ya baba ikafungwa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeingia katika maisha yangu zaidi kuliko mzee yule, wala hakuna aliyenichosha kuliko yeye.

Alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja karibu na njia panda, na mtu akipita asubuhi au jioni humkuta pale pale, miwani imeshuka puani, chaki nyuma ya sikio. Kanzu zake zilisifika hadi Chake. Lakini mtu aliyetaka kanzu ya Idi ilimpasa ampelekee kitambaa kabla ya Ramadhani, maana alikupima leo, akakwambia urudi kesho akupime tena, na kesho akipata kipimo kingine alikaa akizitazama namba zile mbili kama mtu aliyeletewa kesi. "Mwili wa mtu hautulii," alisema. Kuna bwana mmoja aliyewahi kumwambia, "Yakhe, nikatie tu hicho kitambaa, nikinenepa ntafunga." Watu wa barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alimpima mara nyingine.

Kwa mali yetu alikuwa mwangalifu zaidi kuliko kwa kitambaa. Aliogopa mali ya yatima kama watu wengine wanavyoogopa bahari ya kusi. Akija kwetu kuzungumza habari za nyumba alikuja na mkeka wake mdogo kwapani, akautandika, akakaa juu yake, kwa sababu mkeka wetu ulitoka katika nyumba ya marehemu. Maji hakunywa. Bibi alimtolea kikombe, akakataa kwa heshima, na Bibi, ambaye hakuwa na haya na mtu, akamwambia, "Maji ya kisima cha mtaa mzima hayo, si ya yatima. Au wataka nikuitie wenye mtaa wote wakupe ruhusa?"

"Kikombe, Bi Mize," alimjibu. "Kikombe ni cha marehemu."

Mwanzoni mimi nilimpenda kwa hayo. Nilikuwa nimesikia habari za watoto waliofiwa wakapewa wasimamizi wakala minazi yao, wakauza mashamba yao, na watoto wakabaki kubeba mizigo ya watu. Wetu hakula hata dafu moja. Nazi ziliangushwa, zikahesabiwa mbele yangu, zikauzwa, na kilichopatikana akakiweka mkononi mwangu ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo. Nilijiona nina bahati. Ilinichukua muda kufahamu kwamba mtu anaweza kukuharibia mali yako bila kuigusa.

Maana nyumba ya makuti inataka moshi. Kusipopikwa ndani, wadudu wanayala makuti, na mvua inapata njia. Kuta zetu zilikuwa za miti na udongo, zimepigwa chokaa nje na ndani, nzuri ukizitazama kutoka njiani, lakini miti iliyo ndani ya udongo ni chakula cha mchwa ikiwa hakuna mtu wa kuwafagia kila siku. Nyumba ile ilitaka watu. Nasi tulitaka kodi. Bibi alikuwa mzee, mimi nilisuka ukili na kwenda kuchambua karafuu msimu ukifika, na hayo hayakutosha midomo mitano. Baba mdogo wetu, mvuvi wa Kisiwa Panza, alikuwa ameshasema waziwazi: mambo yakishindikana atamchukua Faki amfundishe kazi ya madema ya kutegea samaki, na huenda na Kombo akikua. Hakusema kwa ubaya. Lakini mama kabla ya kufa aliniambia nisiwaache wakatawanyika, na mimi nilimwitikia. Kwa hiyo kila mtu aliyekuja kuuliza nyumba, mimi nilimtazama kama mtu aliyekuja kuwashika wadogo zangu mkono wasiondoke.

Wapangaji walikuja. Si kwamba hawakuja. Barabara inapita pale, na watu wa kazi za serikali na za biashara walitaka pa kukaa. Tatizo ni kwamba, sijui kwa nini, karibu kila aliyekuja alikuja na mnyama.

Wa kwanza alikuwa karani wa karafuu aliyefuga njiwa. Aliwasifia njiwa wake kama watu wanavyosifia watoto. Msimamizi alimsikiliza, akamuuliza njiwa watakaa wapi. Karani akasema juu, penye mwanya wa paa. Msimamizi akafikiri mpaka chai ya karani ikapoa. Kisha akauliza: je, njiwa wa jirani wakija wakachanganyika na hawa, wakataga ndani ya paa la yatima, mayai yatakuwa ya nani? Karani alidhani ni mzaha, akacheka. Alipoona mzee anangoja jibu, aliaga, na hakurudi.

Baadaye akaja mwalimu wa skuli kutoka Unguja, yeye na mkewe na paka. Mimi nilijua safari hii hapana shida, maana paka hakuna asiyemjua ni safi. Hulala hata msikitini. Nikaenda mwenyewe barazani kwake.

"Paka si najisi, Mzee," nikamwambia.

"Si najisi," alikubali. "Nani kasema ni najisi?"

"Basi?"

"Paka huzaa, mwanangu. Huyu mwalimu atahamishwa, walimu huhamishwa. Ataondoka na paka mkubwa, atawaacha watoto wa paka. Wale watakuwa wa nani? Wakiwa wa nyumba, wenye nyumba ni nyinyi, na chakula chao kitatoka katika mali yenu. Miye nitajibu n'ni siku nitakapoulizwa?"

"Watakula panya, Mzee. Nyumba imejaa panya."

"Hebu tuitazame vizuri kwanza. Haraka ya n'ni? Nyumba haina miguu."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, nyumba haina miguu. Alilisema kwa upole, kama anayekufariji. Akasali istihara, kumwomba Mungu amwonyeshe la kufanya, akalala, asubuhi nikaenda kumuuliza ameona nini. Akasema hakuota. Usiku uliofuata aliota, lakini aliota yuko kwenye jahazi, akashindwa kujua jahazi ni ndiyo au siyo. Mwalimu akapata nyumba Mkoani, akahamia huko na paka wake.

Mtu asije akadhani alikuwa mwoga wa kila kitu. Hapo ndipo aliponichanganya. Mavuno yakiisha, ng'ombe wakitolewa kuchezwa, mzee yule aliacha cherehani na chaki akaenda. Nilimwona kwa macho yangu, umri ule, kanzu ameifunga kiunoni, ameshika guo jekundu, anamwendea dume ambalo vijana walikuwa wamelikimbia na kupanda miembe. Wanawake walipiga vigelegele na kumwimbia. Alilitikisia guo, dume likainamisha kichwa, likaja na vumbi lake, na yeye akajipinda kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenziwe njiani, likapita. Akafanya tena. Watu wakamtunza. Nilitaka kumfuata uwanjani nimuulize: mtu ambaye haogopi pembe, anaogopaje watoto wa paka?

Nilimuuliza siku nyingine, ameketi kwenye mashine yake. Akanijibu bila kuinua macho, "Ng'ombe akinipiga, kanipiga miye."

Tena zilikuwa zama za siasa. Wakati ule watu waliacha kununua katika maduka ya wenzao, wakaacha kuzikana, ndugu wa tumbo moja wakawa hawaamkiani kwa sababu ya chama. Baraza zikagawanyika, hapa wanakaa hawa, kule wanakaa wale. Msimamizi aliendelea kuwashonea wote. Walikuja kumwambia asimshonee fulani, akawasikiliza, akasema atalitazama, na huku mkono wake unaendelea kumshonea fulani. Walipomtishia kwamba hawataleta tena vitambaa, aliwarudishia vilivyokuwapo, vimekunjwa vizuri, na vipimo vimeandikwa kwa chaki. Wiki haikuisha wakavirudisha. Katika jambo ambalo kila mtu wakati ule alilazimika kuamua, yeye hakuamua, na ikawa ndiyo heshima yake. Nakiri hilo. Lakini heshima hiyo haikuziba paa letu.

Sasa nifike kwa Feruzi.

Feruzi alizaliwa Pemba hii hii, ila babu zake walitoka bara, na katika zama zile watu walianza kukumbuka mambo ambayo zamani hawakuyajali. Kazi yake ilikuwa kusasa tumbili. Wenye mashamba walimwita kutoka huku na huku, maana tumbili akiingia kwenye mihogo na migomba hukuachia majani tu. Alikuwa na mbwa mmoja mzee wa rangi ya majivu aliyeitwa Subira. Banda alilokuwa akikaa lilikuwa linavuja, mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, na alikuja kwetu akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mpangaji yeyote: atakaa, atalipa, na paa atalirekebisha kwa mikono yake. Mbwa atalala nje, kwenye kibanda atakachomjengea yeye mwenyewe, mbali na mlango.

Bibi aliposikia alisema, "Mpeni leo." Bibi aliyekuwa hawezi kuona mbwa njiani bila kukusanya nguo zake.

Mimi nikaenda kwa Msimamizi, na safari hii sikuomba. Nilimwambia mvua za masika zinakuja, ukuta wa nyuma umeshafanya mashimo, na baba mdogo ameleta habari kwamba masika yakiingia anakuja kumchukua Faki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza mbwa anaitwaje. Nikamwambia. Akasema, "Jina zuri hivyo kampa mbwa?" na nikajua tumeanza safari nyingine.

Alikwenda kwa Shehe. Shehe akamwambia mbwa wa kusasa hana ubaya, akae nje, na akigusa kitu kwa ute au akiwa ameroa, pale alipogusa paoshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Jibu wazi, mtoto angelielewa. Msimamizi akarudi nalo akalipima. Je, Faki na Kombo wakikua, wakasema hawataki nyumba iliyokaa mbwa? Je, atakayeswali humo baadaye? Aliwaza mwezi wote, na Feruzi alikuja kila Ijumaa kuuliza, na kila Ijumaa aliambiwa angoje. Mwishoni Feruzi hakuwa akikaa tena. Alisimama chini ya baraza, kofia mkononi.

Watu wakaanza kusema. Walisema mbwa ni kisingizio, mzee hataki mtu wa bara barabarani. Habari zikamfikia Feruzi, kama zilivyokusudiwa zimfikie.

Basi siku moja, baada ya mvua, Msimamizi akasema Feruzi aje aitazame nyumba kwa ndani, ajue anaomba nini. Hilo halikuwa ndiyo, lakini lilikuwa karibu na ndiyo kuliko jambo lolote alilowahi kulisema. Nilifungua mlango mwenyewe. Wakati tuko uani tunatazama kisima, Subira, aliyekuwa ameroa chapachapa, alichomoka kambani akaingia ndani. Tukasikia kucha zake chumba hadi chumba. Tukasikia anajikung'uta. Alipotoka alikuwa mkavu.

Hakuna aliyeona alijikung'utia wapi. Kama mtu angeona, tungeosha hapo na tungekwenda zetu. Lakini Msimamizi alisimama mlangoni, akatazama kuta za kila chumba, na kila ukuta ulikuwa na unyevu kwa sababu paa lilivuja. Hakuweza kujua upi ni wa mvua na upi ni wa mbwa.

"Itaoshwa yote," alisema.

"Yote?" Feruzi akauliza. "Mzee, mbwa wangu hana maji ya nyumba nzima."

"Yote. Kuta na sakafu. Ikiwa safi, kesho hamia."

Kesho hamia! Mimi nililisikia neno hilo tu. Nililisubiri muda mrefu mno hata sikusikia lililolitangulia. Bibi ndiye aliyesema, "Nyumba ya udongo hiyo, Fundi, si sahani." Lakini sote tulikuwa tumeshakimbilia ndoo.

Ndiyo siku ile niliyoanza nayo. Tuliteka maji kisimani, sisi watoto na Zuhura, na Feruzi akarusha kuanzia juu ya ukuta kushuka chini, na Msimamizi alisimama katikati akihesabu kwa sauti, ameshika tasbihi asipotee. Mara ya kwanza ilikuwa kwa maji yaliyokorogwa udongo. Kombo alicheka, akauliza kwa nini tunaosha udongo kwa udongo, Riziki akamziba mdomo. Ya pili, ya tatu. Chokaa ilianza kububujika kama maziwa. Ya nne, Feruzi akasema ukuta wa nyuma umelainika. Msimamizi akamtazama, akatazama tasbihi. Nilijua anafikiri nini: akiacha hapa nyumba haikutwaharika, na akiendelea huenda ikaharibika, na yote mawili ni mali yetu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema tungoje. Akasema, "Ya tano."

Ukuta wa nyuma ukaanza kuinama kwa ndani. Miti yake yote ilikuwa imeliwa, imebaki ganda tu, udongo ndio uliokuwa unaishikilia. Ulijikunja kama mtu anayekwenda rukuu, ukatulia chini, na sehemu ya paa ikashuka juu yake.

Kisha Feruzi akaweka ndoo chini polepole, akasema, "Mzee, ungeniambia tu kwamba hutaki mtu wa bara. Tungeokoa maji."

Msimamizi aligeuka. Sijamwona amekasirika siku nyingine yoyote. "Ningekuwa sikutaki, ningekwambia siku ile ile uende zako! Nani mwingine hapa aliyekuhangaikia mwezi mzima? Silali kwa ajili yako!"

"Silali na miye," Feruzi alisema. "Banda linavuja." Akamshika mkewe mkono akamwinua, akamfungua mbwa wake, wakaenda. Mimi naamini Msimamizi alisema kweli. Naamini pia kwamba kwa Feruzi haikuwa na tofauti yoyote, na kama ningekuwa yeye nisingeamini. Walihamia upande wa Tumbe kwa jamaa za mke. Nilisikia mtoto alikuwa wa kike.

Msimamizi alivua kofia akasimama mbele ya kifusi. Akasema, na sote tukasikia, "Ukuta huu uko shingoni mwangu."

Tangu hapo alikuja kuujenga mwenyewe, kila baada ya alasiri, mikono ile ya sindano. Hakutaka fundi, kwa sababu fundi angelipwa kwa fedha ambayo hakuwa nayo, na akikopa atakuwa na deni juu ya deni. Alikata miti, akaipima kwa futi yake ya kushonea. Alisimika nguzo, akaning'iniza uzi wenye jiwe, akakuta nguzo imelala upana wa ukucha, akaing'oa. Masika yalipofika ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Baba mdogo akaja kama alivyosema. Faki alifunga nguo zake ndani ya kanga ya mama, akamfuata mpaka Kisiwa Panza, na siku ile Msimamizi alikuwa yuko pale pale nyuma ya nyumba, anakandika. Walipita mbele yake. Alimwombea Faki dua njema ya safari, akarudi kwenye udongo wake.



Mwaka uliofuata kifua kilimshika, akawa hawezi kuinama. Ukuta tukaumalizia mimi na Riziki, haukunyooka hata kidogo, na makuti nikayanunua kwa pato la msimu mzima wa karafuu. Mpangaji alipokuja sikumwuliza mtu. Alikuwa mjane mwenye paka. Nikamwonyesha pa kuwashia moto, nikamkabidhi funguo. Nilikwenda kumwambia Msimamizi baada ya kodi ya kwanza. Akaniuliza, "Paka wangapi?" Nikamwambia sijui. Akafumba macho kama mtu aliyechomwa na sindano.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Zuhura alikuja kuniita, akasema mzee ananitaka mimi na Kombo. Tulimkuta amelala karibu na dirisha, amekonda, miwani bado usoni. Hakutaka mazungumzo ya afya. Alikuwa amejitayarisha.

"Mwanangu, ule ukuta. Nataka uniwie radhi."

"Nimekusamehe, Mzee. Zamani."

"Sema sehemu yako."

Nikajua anavyotaka, kwa mafungu ya mirathi, mwanamke sudusi, mwanamume theluthi. "Nimekusamehe sehemu yangu, sudusi moja."

"Na Riziki?"

"Kanituma nikwambie kakusamehe yake."

"Faki?"

"Faki alikuja Idi. Anasema kausamehe, theluthi yake."

Akashusha pumzi. Kombo, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema kwa haraka, "Na miye nimesamehe, Mzee." Mtoto mwenyewe alilisema, sikumfundisha.

Msimamizi alimtazama kwa huruma kubwa. "Ahsante, baba. Lakini weye bado. Hujabaleghe. Mtoto hasamehi mali yake, wala dadako hawezi kukusamehea. Theluthi yako iko palepale."

"Mzee," nikasema, "mtoto kakwambia kwa ulimi wake. Pokea. Mara moja tu pokea kitu kama kilivyo."

"Si changu kupokea."

Hapo likanitoka. Nilikuwa nimeliweka miaka, nikidhani nitakuja kuliambia kaburi. "Ukuta umeugawa mpaka kwenye sudusi. Na ile miaka ya Faki je? Ulimwona akipita na nguo zake. Skuli aliiacha, Kisiwa Panza hana mama wala dada, na mkono wake wa kushoto hauna kidole kwa sababu ya kamba za madema. Hiyo iko shingoni mwa nani?"

Zuhura aliinua kichwa kunitazama, akakiinamisha. Vidole vya mzee vilishika upindo wa shuka, vikawa vinautembeza, inchi kwa inchi, mpaka shuka ikaisha.

"Hiyo," akasema mwisho, "nimtake radhi nani? Yeye au weye?"

Faki hajawahi kulalamika. Aliyemwahidi mama ni mimi. Nikakaa hapo na swali lake mikononi mwangu, na yeye akangoja, kwa kweli alikuwa akingoja, kama siku ile alivyomngoja karani amjibu habari ya mayai ya njiwa, na safari hii haikuwa kichekesho.

Tuliondoka magharibi inakaribia. Mfungo ulipofika nusu alifariki. Walipomzika, Kombo alikwenda pamoja na wanaume, akarudi akanieleza kwamba Shehe aliuliza kama kuna anayemdai marehemu, na Zuhura alikuwa ameshampelekea Shehe habari, kwa hiyo likatajwa mbele ya watu wote: mtoto fulani wa marehemu fulani, theluthi ya ukuta wa nyuma, itaulizwa atakapokuwa mtu mzima. Kombo alijiona mkubwa sana.

Sasa nikikutana na Zuhura sokoni, baada ya salamu na kabla ya habari nyingine yoyote, huniuliza, "Kombo bado?" Nami humjibu, "Bado." Hutikisa kichwa, huinua kikapu chake. Faki haulizi kamwe habari ya miaka yake.